Jua Tele, Friji Moto: Tulivyompeleka Mama Kipini

Tangu nirudi sijapumua. Saumu kaniuliza sokoni, Mwanaidi kaniuliza msibani tena maiti haijatoka, na hata jirani yangu tuliyenuniana kwa ajili ya mtaro kanichungulia juu ya ukuta: "Kwani ilikuwaje huko Tana River, Mishi?" Basi nimekaa niandike mara moja, kila mtu asome, mniache nipike maharagwe yangu. Wateja wa mgahawa hawali hadithi.

Mama yangu ana sukari. Mimi humdunga insulini asubuhi na jioni, na insulini, kwa wasiojua, ni kama maziwa, haitaki joto. Dada yake, Mama Mkubwa Zuhura, yuko Kipini, na habari zilizotufikia hazikuwa nzuri: amekonda, haamki, hasemi sana. Mama akaapa kwamba anakwenda kukaa naye mpaka ajue moja, na kama ni kufa basi wafe wakitazamana. Lakini kwa Mama Mkubwa hakuna umeme wala friji. Kwa hiyo jambo lilikuwa moja tu: dawa ifike Kipini ikiwa baridi na ibaki baridi. Ikiharibika njiani, Mama anarudi Mombasa na dada yake hamwoni.

Mimi nilikuwa na mpango wangu wa basi, kikasha cha barafu, na kumtafutia Mama chumba kwa jirani mwenye friji. Ulikuwa mpango wa watu wenye akili, kwa hiyo haukufuatwa. Ukafuatwa wa Beni.

Mombasa hadi Malindi: kutazamwa bure

Beni ni shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, mtu wa Nairobi. Alikuwa amenunua trela ya kulala kutoka kwa wageni waliokuwa wakirudi kwao: sanduku jeupe la magurudumu mawili, lina dirisha dogo, kitanda, jiko, na friji inayokula betri. Alikuwa anatafuta pa kuipeleka kama mtu aliyenunua suti na hana harusi. Aliposikia shida ya Mama, ambaye yeye humwita Mathe, akaruka.

"Shem, tulia. Tunaiacha kwa Mathe huko Kipini, dawa inakaa kwa friji, sola inachaji betri. Unachomeka tu, jua linafanya kazi."

"Na betri zikiisha?"

"Haziwezi, shem. Na jua lote hili la Pwani!"

Yaani mtu wa Nairobi anakuja kunieleza mimi jua la Pwani, mimi lililonichoma utosi tangu nikiwa mbelekoni.

Sola yenyewe ilikuwa ya kubeba, inakunjwa kama mkoba. Mgongoni ina kiboksi, wenyewe wanakiita kontrola, kazi yake kuangalia moto wa jua usiingie kwenye betri kwa fujo. Sasa na trela nayo, karibu na mlango, ilikuwa na kontrola yake nyingine kubwa zaidi, ya kazi hiyo hiyo. Beni alichukua waya kutoka kontrola ya sola akauchomeka kwenye kontrola ya trela. Taa ya kijani ikaanza kupepesa.

"Unaona inavyopepesa? Inakula hiyo," akasema, mikono kiunoni.

Nikamwambia jicho likiingiwa na mchanga hupepesa vilevile. Akacheka. Ana ustadhi wake mtandaoni, bwana mmoja wa kofia na ndevu anayefundisha mambo ya trela, na alichosema bwana yule Beni hakihoji. Waya wa kuleta moto kutoka kwenye gari hadi kwenye trela ulikuwa umekatika, na huo hakuutengeneza. Wa nini, na jua lipo?

Kwa hiyo kuchaji ilikuwa mpaka tusimame. Malindi tukasimama, akaikunjua sola kando ya barabara kama mchuuzi wa mikeka, watu wakaja kupiga picha. Mama akaniomba halwa, nikamnyima, akanuna. Nikamnunulia viazi vya karai, navyo vilikuwa vimekaangwa mafuta ya juzi. Mtu anayekaanga viazi namna ile hana haki ya kuwa na karai.

Malindi hadi Minjila: marehemu ana kiu

Baada ya Malindi barabara inanyooka mpaka inachosha, vichaka huku, vichaka huku, na punda wanaosimama katikati kwa kiburi chao. Mama alikuwa amelala kitandani ndani ya trela, jambo ambalo sidhani linaruhusiwa, lakini jaribu wewe kumshusha. Kila tukisimama nasikia ameanza kurudi kwao kwa mdomo. Mombasa Mama husema njia na njaa kama sisi wengine. Tulipoikaribia Tana River ikawa ni ndia na ndaa tu, Kiswahili cha Kipini, ndugu yake Kiamu cha Lamu.

"Nina ndaa," akamwambia Beni kupitia dirishani.

"Una nini, Mathe?"

"Njaa, ewe mwanangu! Kwani huko kwenu hamli?"

Kabla hatujafika Minjila gurudumu la trela likachomwa na mwiba wa mathenge. Nani asiyejua mathenge? Mti ulioletwa kuzuia mchanga, sasa unazuia watu. Beni akatoa gurudumu la akiba kwa mbwembwe zote, akaliweka, halikuingia. Lilikuwa la gari. La trela hakuwa nalo. Bwana wa kofia na ndevu nadhani hakulitaja.

Tukakaa juani kumsubiri mtu wa pikipiki aliyechukua gurudumu kwenda kuliziba Minjila. Kwa mara ya kwanza betri zilikuwa na nafasi ya kula kwa kweli, maana sola ilikuwa imekunjuliwa na jua linawaka. Nikaingia ndani nikashika ukuta wa friji. Baridi ilikuwa ya kinyonge. Nikamwambia Beni. Akaniambia friji haipimwi kwa mkono, nikamwambia mimi nimepima friji kwa mkono tangu yeye hajaoa kwetu, na nyama yangu haijawahi kunuka.

Hapo ng'ombe wakafika, wengi, na Waorma wawili nyuma yao. Wakalitazama lile sanduku jeupe lenye dirisha dogo. Mmoja akaitegemea fimbo yake, akainua mikono kuomba dua, mwenzake akaitikia amina. Kisha wakaja kutupa mkono, nyuso zimeinama.

"Poleni sana. Kazi ya Mungu."

"Tumeshapoa," nikasema, nikidhani ni pole ya gurudumu.

"Marehemu iko mtu ya wapi?"

Kabla hatujauliza marehemu gani, kichwa cha Mama kikatoka dirishani, ushungi umemwenda upande.

"Marehemu ana kiu," akasema. "Nipeni maji."

Wale mabwana walirudi nyuma mpaka wakagongana na ng'ombe. Halafu wakacheka, tukacheka sote, Mama zaidi ya wote. Wakatuachia maziwa kwenye chupa kabla ya kuondoka. Mimi kicheko kilinikatika mapema, maana nilikuwa bado na ubaridi ule wa kinyonge mkononi.

Garsen: "Iko chaji?"

Tuliingia Garsen alasiri. Beni akaegesha mbele ya maduka akakunjua sola juu ya boneti, nyaya zinaning'inia, taa ya kijani inapepesa. Mimi nikaenda kutafuta chakula, na hilo ndilo kosa, kumwacha mwanamume na kitu chake cha kujivunia mbele ya watu.

Haya niliambiwa baadaye. Amekuja kijana, ametazama nyaya, ameuliza: "Iko chaji?"

Beni akadhani anasifiwa betri. "Iko! Iko mingi sana!"

Jamani. Nani Garsen hajui maana ya gari lenye sola na nyaya likisimama sokoni? Ni biashara ya kuchaji simu. Mtu ameuliza kama kuna huduma, ameambiwa ipo tele. Kijana akatoa simu yake, akaenda kuwaita wenzake. Beni alipoelewa akaona haya kukataa, akajificha kwenye chai. Wakaja kwa Mama. Na Mama ni mtu wa Kipini, mgeni hamwambii la hata akimkanyaga.

"Weka, mwanangu. Weka hapo, babangu. Na wewe, karibu."

Niliporudi na wali na kambare wa mtoni, ambaye, niseme haki, alikuwa mtamu na mchuzi wake mzito, nilikuta simu zimelala kitandani kama dagaa. Simu za wachungaji, za wenye maduka, redio moja kubwa, na kinyozi! Kinyozi amechomeka mashine yake, ameweka kiti kivulini mwa trela, ana mteja kichwa nusu.

"Beni!" nikaita. "Beni wewe!"

Ndani, friji ilikuwa kimya. Niliifungua. Chupa za dawa nilizishika zikawa na joto la mwili wangu. Sikupiga kelele, na wanaonijua wanajua hiyo ni hatari. Nilizishika tu mkononi nikiwaza Mama Mkubwa kule kitandani anasubiri, na sisi tumefika mpaka mtoni.

"Tunageuza," nikasema. "Sasa hivi. Turudi Malindi tutafute nyingine, Mama apelekwe nyumbani."

"Mimi sirudi," akasema Mama.

"Mama, dawa imepata moto."

"Basi iwe moto. Nilitoka kwenda kwa nduyangu, sikutoka kwenda kwa friji. Nikirudi leo, ndia hii siji tena na wewe wajua."

Nilijua. Na hilo ndilo lililoniuma.

Mmoja wa waliokuja kuchukua simu alikuwa mama Msomali mwenye duka la vinywaji, jina lake Halima. Alisimama mlangoni akasikiliza ugomvi wetu wote bila aibu, kisha akauliza dawa ni ya nini.

"Ya sukari."

"Imekaa nje kutwa?"

"Hapana, haikupata hata saa."

"Basi mnalilia nini? Lete." Akanyoosha mkono. "Mama yangu alikuwa anatumia hiyo hiyo. Ukiacha kwa gari siku nzima imekufa. Hii bado."

Akazipanga kwenye friji ya duka lake, kati ya soda na maziwa ya ngamia, akamwambia kila aliyeingia kwamba atakayegusa chupa zile ndogo atamkata vidole. Nikapiga simu kwa muuguzi wetu wa Mombasa, naye akasema hivyo hivyo: muda mfupi namna hiyo haiharibiki, mradi irudi baridini na isizoee. Nilikaa juu ya kreti ya soda nikalia. Halima akaniletea anjera, zile chapati laini za Kisomali, na chai, nikalia huku nakula.

Garsen bado: mafahali wawili

Asubuhi Beni alikuwa nje na simu yake, anamsikiliza bwana wa kofia. Jua lilikuwa limepanda, sola imekunjuliwa, taa inapepesa, betri ziko vilevile tupu. Nikachutama nikatazama. Kiboksi cha sola kilionyesha betri zimejaa. Kiboksi cha trela kilionyesha hakuna kinachoingia. Huyu anasema ameshiba, huyu anasema ana njaa, na betri zenyewe hakuna aliyeziuliza!

"Beni, hivi vyote viwili ni vya kazi gani?"

"Ni kontrola, shem. Zinazuia moto kupita kiasi."

"Zote?"

"Zote."

"Moja inaizuia nyingine?"

Akatazama kiboksi hiki, akatazama kile.

"Mafahali wawili hawakai zizi moja," nikasema. "Hata wale wenye ng'ombe zao jana wangekwambia."

Mgahawani kwangu, ukiweka wapishi wawili kwenye sufuria moja, kila mmoja anamsubiri mwenzake atie chumvi. Nikamwambia aitoe kontrola ya trela kwenye mambo haya kabisa, waya wa sola uende moja kwa moja kwenye betri, kupitia kiboksi kimoja tu, kile cha mgongoni. Akasema bwana wa kofia hakusema hivyo. Nikamwambia bwana wa kofia aje basi Garsen anitoe mimi hapa.

Nikaifunika sola kwa leso yangu isilete moto wakati tunashika nyaya. Beni, niseme haki tena na inaniuma, alijua vibanio vinakaaje: chekundu kwa chekundu, cheusi kwa cheusi, akavikaza vizuri. Nikaivuta leso. Taa ikaacha kupepesa ikatulia, kijani kibichi. Baada ya muda friji ikaanza kunguruma. Tulisubiri Garsen mpaka ukuta wake ukawa wa baridi ninayoitambua, ndipo Halima akatutolea dawa. Nilipomshukuru, akaniambia nisimcheleweshe, ana wateja.

Kuvuka mto hadi Witu

Kutoka Garsen tukavuka Tana, maji ya rangi ya chai ya maziwa, tukapita Gamba. Kila tukisimama Beni anaikunjua sola bila kuambiwa, anaweka vibanio, ananiangalia. Mimi naitikia kwa kichwa kama mkaguzi. Witu tulikula mkate wa kumimina mkavu kama sponji ya mwaka jana, aliyeuoka anajijua. Mama hakula. Alikuwa amehamia mbele, ameshika mkoba wake magotini, anataja majina ya watu kila tukipita nyumba, wengi wao marehemu.

Kipini: ndoo

Nyumba ya Mama Mkubwa ilijaa majirani waliokuwa wameambiwa tunakuja na nyumba ya magurudumu. Mama alishuka akaanza kusalimiana, na salamu za Kipini hazikatizwi, unauliziwa mpaka paka. Beni alikuwa amesimama karibu na mlango, hana la kufanya. Ndani, Mama Mkubwa aliisikia sauti ya mdogo wake. Akaita kwa sauti nyembamba:

"Ndoo! Ndoo, nduyangu!"

Yaani njoo. Njoo, ndugu yangu. Mtoto wa Kipini angejua. Lakini Beni wa Nairobi akasikia ndoo. Akakimbia uani, akarudi na ndoo ya maji imejaa, kata inaelea, maji yanamwagikia viatu, akaingia nayo mpaka kitandani kwa bibi wa watu. "Hii hapa, Mathe."

Majirani walianguka kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimeshaliandaa tusi, tusi zuri, nimelitafuta tangu Malindi. Sikulitoa. Kwa sababu Mama Mkubwa hakucheka. Aliikamata kata kwa mikono miwili akanywa. Akachota tena akanywa. Akachota tena, maji yanamshuka kifuani, mikono inatetemeka, ananywa kama ambaye maji hayamfiki.

Kicheko kikaisha. Mama akapenya watu akaketi kitandani.

"Dada, tangu lini wanywa maji hivi?"

"Siku nyingi. Sishibi. Na kutwa niko chooni, miguu sasa hainichukui." Akapumua. "Wasema ni uzee. Wengine wasema ni jicho."

Mama akafungua mkoba, akatoa kipimo chake, akamchoma dada yake kidole. Kile kimashine hakikutoa hata namba, kiliandika tu kwamba sukari iko juu kupita kinavyoweza kuhesabu. Mimi nikageuka niende kwenye friji ya trela nichukue dawa, Mama akanishika mkono.

"Hiyo nimepimiwa mimi. Hospitali."

Beni alikuwa ameshatoka. Hakusubiri kuambiwa. Aliifungua trela kutoka kwenye gari akaiacha pale pale, ameitegemeza kwa jiwe, akatandika godoro nyuma, akambeba Mama Mkubwa mikononi. Aliendesha mpaka hospitali, na njia nzima mimi nilikuwa namwagia Mama Mkubwa maji mdomoni kwa kata ile ile. Daktari aliyempokea alitwambia huo uliosemwa ni uzee ni sukari, na ungemuua kabla ya mwezi kwisha.

Sasa mtu kama huyo utamtukana vipi? Nilijaribu siku mbili nikashindwa. Nimeanza tena juzi, aliponitumia video ya friji ya pikipiki.

Mama Mkubwa alirudi Kipini na dawa yake mwenyewe, ikawekwa kwenye friji ya trela kando ya ile ya Mama, sola juu ya paa na kiboksi kimoja. Mimi, niliyekwenda ili nimdunge Mama, ilinibidi nirudi mgahawani. Mama akagoma kuondoka, na mnajua miaka yote mimi ndiye ninayemdunga, yeye hufumba macho na kugeuza uso ukutani. Jioni ya kwanza nilipiga simu.

"Mama, nani amekudunga?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Nduyangu mkono wamtetemeka, hawezi. Nimemdunga yeye kwanza. Alipomaliza kunitukana, akanishika bega, nikajidunga."